Panya Aliyelazwa Chali

Panya mweupe alikuwa chali kwenye kihori cha plastiki, miguu yote minne ikitazama dari. Gaudiosa hakufikiri. Kidole chake kilikwisha kumgeuza ubavu.

"Mama Gaudiosa!" Komal alisimamisha saa. "Umemgeuza?"

"Nimemgeuza, daktari. Mlevi haachwi chali, waitu. Atapaliwa na matapishi."

"Panya hatapiki, mama! Mungu hakumpa uwezo huo."

Gaudiosa akaurudisha mkono. Kwao Izigo, kijijini Uhayani, rubisi, pombe ya ndizi, ikiiva, wanaume hunywa mpaka wakalala mgombani, na wanawake hupita wakiwageuza, wakiwakingia mgongo kwa majani makavu wasirudi chali. Kazi hiyo aliifanya tangu usichana. Mikono haikumwomba ruhusa.

Katika maabara hii ndogo ya Kibeta aliajiriwa kuosha vizimba na kubadilisha maranda. Msaidizi alipokwenda kujifungua, Komal, mtafiti mwenyewe, binti wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, akamvalisha glavu na kumweleza kazi. Panya hawa wamezalishwa kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, hadi wa ukoo mmoja wakawa kama mapacha. Weusi ukiwawekea chupa mbili, ya maji na ya pombe, hung'ang'ania pombe. Kahawia hunusa tu wakaiacha. Leo kila mmoja anachomwa sindano ya pombe kwa kadiri ya uzito wake, analazwa chali, na saa inahesabu mpaka ageuke mwenyewe, ijulikane ukoo upi hulewa zaidi.

"Huyo hatumhesabu tena," Komal alisema. "Kati ya weupe amebaki mmoja. Ukimgusa, tutangoja wengine wazaliwe na wakue, na wewe nitakurudisha kwenye kuosha vizimba. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Umejibu haraka mno, mama."

Wa mwisho akalazwa. Gaudiosa akabana mikono kwapani. Tumbo la panya lilipanda, likashuka.

"Anapumua?" Gaudiosa akauliza.

"Anapumua."

"Unamwangalia kweli?"

"Ee mama, niangalie panya au nikujibu wewe?"

Mguu wa nyuma ukapiga hewa. Kiuno kikajipinda, kikashindwa, kikarudi. Bila kujua, Gaudiosa naye alikuwa ameinama upande mmoja, bega mbele, kama anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Panya akajipinda tena. Akapinduka. Akasimama akiyumba, pua chini.

"Ameamka! Asante Bikira Maria!"

"Bado." Komal hakuinua macho. "Huenda amebahatisha. Ni lazima ageuke tena ndipo tuamini. Mlaze chali."

"Nani, mimi?"

"Wewe, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

Gaudiosa akatoa mikono kwapani, polepole. Panya alikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi. Akampindua, tumbo juu, akamweka katikati ya kihori. Alipotaka kuondoa mkono, vidole vyembamba vya panya vilikuwa vimeshika ncha ya glavu yake, na Komal alikuwa anangoja, kidole juu ya saa.