Pazia la Bikira wa Pietrafosca

Alhamisi asubuhi, siku ya wateja kukagua bidhaa, Ersilia alipangusa viatu mlangoni pa nyumba ya mnada huko Firenze, akamkalisha bintiye Nives kwenye viti viwili. Kimoja kisingetosha: mimba ilikuwa na miezi ishirini na sita.

Tangu picha ya Bikira Maria iibwe kanisani kwao Pietrafosca, hakuna aliyejifungua kijijini. Kabla ya wizi, picha ilikaa nyuma ya pazia siku zote. Ilifunuliwa tu mwanamke aliposhikwa na uchungu, na hapo mtoto alitoka. Wezi waliliacha pazia. Sasa wajawazito walikuwa watatu, na mkunga alikuwa ameanza kufuga nyuki.

Pale ukutani, ndani ya picha, Bikira alipomwona Ersilia alimhamishia Mtoto Yesu mkono wa kushoto, akamwamkia kwa kichwa. Brancadori, mtaalamu wa picha za kale, akasahihisha orodha yake: *Mtoto, mkono wa kushoto.*

"Huyu ni wetu," alisema Ersilia. "Kaibwa."

"Mnayo fotografia yake, mama?"

"Aliye nyuma ya pazia anapigwa picha? Mamako alipokuzaa alikodi mpiga picha?"

Brancadori alivua miwani. "Pazia? Tangu lini?"

"Miaka mia nne."

"Ndiyo maana buluu haijafifia! Nami nilidhani imepakwa upya." Kwenye orodha alikata maneno *kazi ya wanafunzi wa mchoraji*, akaandika *mkono wa mchoraji mwenyewe*. Bei ikapanda mara kumi. Akambusu Ersilia mashavu yote mawili. "Umetuokoa, mama."

"Basi nipe."

"Bila fotografia, sheria haiwatambui."

"Kumbe maneno yangu ni kweli kwa rangi, kwa wizi ni uongo?"

"Rangi inaonekana, mama."

Ersilia alipiga magoti, akatoa pazia kikapuni. "Basi niruhusu nimfunike nimfunue, mara moja tu. Mwanangu ateseke mpaka lini?"

"Bidhaa haiguswi."

Bikira alitazama chini. Brancadori akaandika: *macho yameinama*.

Kesho yake picha ilinunuliwa kwa simu, na mtu asiyetajwa, ikapelekwa kwenye ghala la chuma lisilo na dirisha.

Katika treni ya kurudi, uchungu ulimshika Nives, ukangoja kidogo, ukaondoka.

"Bibi, wamefunua?" iliuliza sauti kutoka tumboni, sauti iliyokwisha kuota meno.

"Bado, baba. Geukia upande wa pili, unamwumiza mamako mgongo."

Ersilia alizifumua soksi za kichanga alizokuwa amefuma, na kwa uzi uleule akaanza sweta ya kuendea shule.