Mmweko wa Mwezini na Saa ya Mama

Mmweko wenyewe ulikuwa mzuri, hakuna wa kunibishia. Jiwe, pengine kubwa kama chungwa, lilikuwa limeupiga Mwezi upande wa giza, jioni, jua likiwa ndiyo kwanza limezama. Kule hakuna hewa ya kuyachoma mawe njiani. Kila linalokuja linafika chini na kuchimba shimo lake, na sisi huku tunaona nukta ya mwanga ikitokea na kuzimika kabla hujapepesa jicho. Wanaotaka kwenda kujenga huko wanataka kujua nukta hizo hutokea mara ngapi, maana nani anapenda kuezeka nyumba mahali panaponyesha mawe?

Tatizo ni kwamba nukta kwenye darubini moja haithibitishi kitu. Huenda setilaiti imekatiza, huenda kamera imepiga chafya. Sharti ni darubini mbili, mahali pawili, sekunde ileile. Ya kwanza ipo juu ya paa la taasisi yetu, naiangalia mimi. Ya pili, kwa kuwa hatukuwa na pengine palipo mbali kiasi na penye mtu wa kuaminika, ipo kwenye roshani ya mama yangu.

Na mama alikuwa ameunasa. Kwenye video yake nukta ilikuwa ileile, kona ileile ya Mwezi. Asubuhi ile nilipoiona nilitaka kucheza. Kisha nikaangalia saa: video yake ilisema mmweko umetokea dakika kumi na kitu baada ya wangu.

Nikampigia simu.

"Mama, saa ya kompyuta umeifanya nini?"

"Nimeisogeza mbele, kama saa zote za nyumba hii. Bila hivyo baba yako atachelewa hata mazishi yake mwenyewe."

"Lakini niliiacha ijirekebishe yenyewe."

"Ilikuwa inanibishia. Nikiisogeza, inarudi. Nikaizima huko inakobishia."

"Sawa. Usiiguse. Nakuja kupima umeisogeza kiasi gani."

"Wala usijisumbue, mwanangu. Uliponiuliza tu, nimeirudisha. Sasa iko sawa kabisa."

Nikaketi sakafuni. Tofauti niliyotaka kuipima ilikuwa imeshafutika. Mchana nilikuwa na miadi na mkuu wa maabara, profesa ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Mbichi, kwa sababu data anaitaka mbichi. Ukiipunguza, umepika, na ukipika, yeye anasimama na kuondoka. Tangu mradi uanze hatukuwa na mmweko hata mmoja uliothibitishwa, na alishanionya: safari hii nikikosa, darubini ya mama inarudi stoo, mradi unafungwa, na mimi narudi kusahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza.

Nilikuwa na njia moja. Kamera zetu zinarekodi na sauti, ili mtazamaji akiona ndege au wingu aseme kwa mdomo bila kubandua jicho. Na jioni ile, mmweko ulipotokea, mimi na mama tulikuwa tunaongea kwenye simu, zote mbili zikiwa kwenye spika. Sauti zetu zimo kwenye video zote mbili. Ukioanisha maneno, umeoanisha saa. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa nimeshayasikiliza hayo maneno.

"Kwa hiyo," alisema Mbichi mchana, "utatumia mmweko kulinganisha saa, halafu utumie saa kuthibitisha mmweko. Huko ni kujisahihishia mtihani."

"Hapana, Profesa. Natumia sauti."

"Simu inachelewesha sauti."

"Kidogo. Ya mama inachelewa kufika kwangu, yangu inachelewa kufika kwake. Nimepima zote mbili nikachukua katikati."

Akakuna kidevu, na kwake hayo ni makofi.

"Cheza tusikie."

"Nimekata kipande kifupi, pale mama anaponiuliza..."

"Umekata?"

"Nimefupisha tu."

"Binti, usinipikie. Cheza yote, mpaka mmweko upite."

Nikabonyeza. Miezi miwili ikatokea kwenye skrini, bega kwa bega. Mimi nikaangalia zulia.

"Umekula?" ikauliza sauti ya mama.

"Bado."

"Huyo bosi wako anawashindisha na njaa, mwenyewe amenawiri. Nilimwona siku ile mlipokuja kufunga darubini. Nikasema moyoni, huyu baba nywele amezipaka kiwi."

"Mama, jamani."

"Kiwi, mwanangu. Nywele zinang'aa kuliko viatu."

Hapo, kwenye hiyo kiwi ya pili, mmweko ukatokea. Kushoto na kulia, papo kwa papo. Halafu kwenye video zote mbili mtu akaangua kicheko kirefu, na mtu huyo ni mimi.

Mkono wa Mbichi ulipanda taratibu kuelekea kichwani, ukafika usawa wa sikio, ukashuka.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mama akampaka kiwi upya, nami nikacheka upya.

"Tena."

Baada ya mara hiyo ya tatu akavua miwani. "Hakuna ubishi. Ni jiwe. Mradi unaendelea. Andika ripoti leo, na useme wazi mmelinganisha kwa neno gani, ili anayetaka kuhakiki aweze."

"Nitaandika 'umekula', Profesa."

"Ndilo lililo karibu zaidi na mmweko?"

Nikarudi kuangalia zulia.

"Nimekuuliza."

"Lililo karibu zaidi ni kiwi."

"Basi andika kiwi. La pili, si la kwanza. Wasije wakachanganya."

Nilikusanya vitu vyangu kwa haraka ya mwizi. Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa amesukuma kiti nyuma, anachungulia chini ya meza, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Hivi mama yako," aliuliza, "viatu vyangu aliviona vina kasoro gani?"