Mti Uliofukiwa Chini ya Anga

Mama Pacha alikuwa na muda mpaka saa kumi jioni tu. Miezi yake mitatu ya majaribio katika duka la picha za zamani ilikuwa inakwisha, na mwenye duka, mzee waliyemwita Lenzi, alishamwambia bila kuficha: "Nionyeshe jicho lako, ama tuagane kwa wema."

Ukutani ziliegemezwa picha sita za rangi ya mafuta kutoka hoteli iliyofungwa. Ziwa lile lile, mlima ule ule, mti mmoja kushoto.

"Mapambo ya vyumbani," Lenzi alipiga miayo. "Karakana moja: huyu anapaka anga, yule maji, mwingine miti. Nimeshazibandika karatasi za bei. Mwenye mgahawa yuko njiani kuzichukua."

"Nipe dakika kumi, mzee wangu."

"Za nini? Zimefanana kama wanao!"

"Wanangu nawatofautisha hata gizani, kwa kupapasa."

Alivuta pazia, akawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa picha, mwanga upite juu ya rangi kwa mshazari. Ya kwanza, laini. Ya pili, vivyo hivyo. Alipomaliza ya nne, matumaini yalikuwa yamemshuka hadi kwenye nyayo.

Ya tano ikamrusha moyo. Upande wa kulia, katikati ya anga tupu, rangi ilikuwa imetuna kama mshipa wa mkono.

"Mzee! Njoo! Njoo haraka!"

Lenzi aliinama. "Turubai limejikunja tu."

"Mkunjo gani una shina na matawi? Aliupaka mti hapa, haukumridhisha, akaufunika kwa anga, akauhamishia kushoto. Kwa nini anayenakili ahamishe mti, na ameshaonyeshwa pa kuuweka? Huyu alikuwa anatafuta, mzee! Hizo nyingine zote zimenakiliwa kutoka hii!"

Lenzi aliufuata ule mshipa kwa kioo chake cha kukuzia, shina, tawi, tawi jingine.

"Miaka arobaini kwenye kazi hii," alinong'ona, "nami nilikuwa naipeleka ikapigwe moshi wa jikoni!"

Honi ililia nje. Lenzi akaibandua karatasi ya bei ya ile picha ya tano kwa ukucha.

"Kamwambie picha ni tano."

"Mimi? Akiuliza sababu je?"

"Mwambie mthamini wa duka amekataa."

"Mthamini yupi, mzee?"

"Ala! Unamwona mwingine humu?"

Mama Pacha alitoka mbio, akajikwaa kizingitini, akacheka peke yake.