Mluzi wa Dabasso

Lori la mifugo lilipoingia Isiolo kutoka upande wa Merti, Mzee Dabasso alitoka nje kulitazama. Alisimama kando ya barabara pale Kiwanjani, amejifunga shuka, fimbo mkononi, akayaacha magurudumu yapite mbele ya macho yake. Hakuwatazama ng'ombe wala wachuuzi walioning'inia juu. Alitazama matope. Siku ile yalikuwa mabichi na mazito, yamegandamana mpaka chini ya bodi.

Akarudi ndani na kumwambia binti yake, Qabale, kwamba mvua imenyesha kwao Biliqo. Qabale alikuwa akisafisha vibuyu vya maziwa ya kupeleka sokoni. Alilijua neno litakalofuata, nalo likafuata. Baba alitaka kurudi.

Alikuwa ameletwa mjini kiangazi kilichopita. Siku hiyo alikuwa kisimani akinywesha, kichwa kikamgonga, macho yakaingia giza, akaanguka ukingoni. Ndugu yake Jaldesa akampakia juu ya lori la mbuzi. Hospitalini wakamfunga mkono kwa kitambaa kinachojazwa upepo, wakasema presha imepanda. Wakampa vidonge, wakamkataza chumvi, wakamwambia asiende mbali na hospitali mpaka presha ishuke. Jaldesa naye aliapa kwamba ng'ombe atawatunza kama wake, lakini hatampokea kaka yake Biliqo bila ruhusa ya daktari, kwa kuwa hana haja ya kuchimba kaburi.

Basi Dabasso akakaa mjini. Chakula alipata, kitanda alipata, na binti yake alimheshimu. Lakini mtu aliyezoea kulala akisikia ng'ombe wakicheua, kimya cha ukuta wa mawe humlemea. Zaidi ya wote alimkumbuka Dimtu, ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe zilizoinama.

Habari ya Dimtu haikuwa ya juzi. Katika miaka ya vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kaskazini, mifugo ya Dabasso iliisha yote, mingine kwa risasi, mingine kwa kufungiwa kambini pamoja na watu, mahali pasipo na malisho. Amani iliporudi alizunguka vichakani kila alfajiri akipiga mluzi wake. Alibana ncha ya ulimi nyuma ya meno mawili ya mbele, ikatoka sauti nyembamba, ndefu, yenye kupinda mwishoni. Watu walimwona kama mwehu. Asubuhi moja mtamba mwekundu akatoka kichakani, mbavu nje, akaja mpaka mbele yake, akasimama. Kutokana na mtamba huyo lilizaliwa kundi zima alilonalo, na Dimtu ni mjukuu wake. Dimtu naye aliujua mluzi ule. Hata makundi yakichanganyika kisimani, yeye aliinua kichwa akaja.

Mjini mluzi haukuwa na kazi. Alipoupiga nyuma ya nyumba, aliyekuja ni jirani yake Ekidor, Mturkana mlinzi wa duka, akisimama mlangoni na kusema kwa utani, "Mzee, nimefika. Nikamuliwe wapi?" Dabasso alicheka, lakini moyo wake ulibaki Biliqo.

Asubuhi moja alipokuwa akitawadha, maji aliyosukutua yalitoka na wekundu. Akagusa ufizi kwa kidole, nacho kikapata damu. Akaketi juu ya jiwe akafikiri kwa muda mrefu, na mawazo yake yalikwenda mahali ambapo mawazo ya mfugaji huenda.

Ujanani aliona ng'ombe dume waliozidiwa na damu wakitibiwa. Mnyama alifungwa upote, ile kamba ya upinde, shingoni mpaka mshipa ukasimama, akapigwa mshale mfupi, damu ikaruka. Wao Waislamu waliimwaga chini, wala hawakuinywa. Baadaye walifungua upote, na dume aliyekuwa amelala akainuka kwenda kula nyasi. Sasa yeye Dabasso ameambiwa damu yake imepanda, na damu yenyewe imejitafutia mlango. Aliona hiyo ni rehema. Iachwe itoke, ishuke, daktari atoe ruhusa.

Tangu siku hiyo aliweka mswaki wake juu ya dirisha akauacha. Aliogopa kwamba ufizi ukisafishwa utapona, na mlango utafungwa. Qabale alipoyaona maji mekundu alimletea maji ya vuguvugu yenye chumvi asukutue.

"Daktari amenikataza chumvi," alisema baba yake, akageuka upande wa pili.

Ufizi ulipokauka, aliutoboa kwa mwiba wa mgunga. Siku damu ilipotoka vizuri aliviacha vidonge, kwa hesabu kwamba njia mbili za dawa ni nyingi kwa mwili mmoja. Hospitalini presha ikakutwa juu kuliko mwanzo. Muuguzi aliyempima, Kagwiria, mwanamke wa Kimeru mwenye sauti ya pole, alimuuliza kama anameza vidonge. Dabasso akajibu kwamba anameza, akarudi nyumbani kutafuta mwiba mrefu zaidi.

Kinywa chake kikaanza kunuka. Msikitini alijifunika pua na mdomo kwa ncha ya kilemba, akasogea safu ya nyuma. Yote hayo aliyavumilia. Mtu anayekwenda nyumbani haulizi vumbi la njia.

Kisha wingu zito likasimama upande wa kaskazini, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Dabasso alisimama nyuma ya nyumba, akabana ulimi nyuma ya meno, akapuliza. Ilitoka hewa tupu. Akapuliza tena, na jino moja la mbele likasogea mbele ya ulimi wake kama kigingi kilichopigwa kwenye mchanga.

Wala hakungoja siku yake ya kliniki. Alikwenda hospitali saa hiyo hiyo, akaketi mbele ya Kagwiria, akafungua mdomo. Kagwiria alitazama ndani, akauliza damu ilianza lini. Dabasso akasema ilianza tangu mvua zilizopita.

"Na hukuniambia?"

"Daktari, ninyi mlisema damu yangu imepanda. Mimi nikaona Mungu ameifungulia mlango ishuke." Akamweleza habari ya dume na mshale, ya mwiba, ya maji ya chumvi ya Qabale aliyoyakataa, na ya vidonge vilivyobaki chini ya godoro.

Kagwiria hakucheka. Kwao Meru pia kulikuwa na ng'ombe. "Mzee, damu yako si nyingi," alisema. "Ni kiasi kilekile cha kila mtu. Ila njia zake zimebana, kwa hiyo inasukuma kwa nguvu. Ukitoboa ufizi unajitia kidonda tu, na kule kusukuma kunabaki palepale."

Dabasso alifikiri. "Kama ng'ombe wanaoingia bomani na mlango umebana."

"Hivyo hivyo."

"Basi kuchinja ng'ombe mmoja hakupanui mlango."

"Hakupanui, Mzee. Vidonge ndivyo vinapanua. Na huo ufizi unaoza kwa uchafu. Rudi kwenye mswaki wako, polepole. Na yale maji ya chumvi ya binti yako usukutue uteme. Tulikukataza kula chumvi, hatukukukataza kuitema."

Dabasso akauliza jambo moja tu alilokuwa amelijia, kama jino litashika tena. Kagwiria alimpeleka kwa mtu wa meno, naye akalitikisa kwa kidole, akasema meno mengine yatapona ufizi ukipona, lakini lile mzizi wake umekwisha kuachwa na mfupa. Litang'olewa. Ila hataling'oa sasa, kwa sababu presha ikiwa juu namna ile, damu inaweza kukataa kukauka. Kwanza ishuke.

Hivyo Mzee Dabasso akawa anangoja siku moja kwa mioyo miwili. Presha ikishuka atarudi Biliqo, na presha ikishuka atapoteza mluzi wake. Qabale alidhani angeanza tena ukaidi. Lakini baba yake alimeza vidonge mbele yake, akala mboga isiyo na chumvi bila kunung'unika, akatafuna kijiti cha mswaki mpaka kikawa laini ndipo akausugua ufizi, taratibu kama mtu anayemfuta ndama mchanga. Wekundu ukapungua katika maji ya udhu, na mwisho yakatoka meupe. Msikitini akarudi safu ya mbele.

Jioni moja Qabale alimsikia nyuma ya nyumba akipuliza, huku amelishikilia jino kwa kidole lisisogee. Ilitoka sauti ndogo, imekatika. Hata Ekidor hakuja kufanya utani.

Presha ilishuka. Jino likang'olewa wiki ileile, kidonda kikapona, na Kagwiria akampa vidonge vya kutosha na kumwonya arudi kabla havijaisha. Dabasso akapanda lori la Merti, amekaa mbele kwa dereva kama mzee wa heshima, mswaki mpya mfukoni.

Alifika Biliqo alasiri, ng'ombe wakiwa malishoni, nyasi zimewafika magotini. Jaldesa alimsalimu kwa kumshika mabega, akataka kumwita Dimtu kwa ajili yake. Dabasso akamzuia. Alisogea mbele peke yake, akabana ulimi mahali pa zamani, akapuliza. Upepo ulipita penye pengo bila kusema neno. Ng'ombe mwekundu mwenye pembe zilizoinama alikuwa kule mbali amewapa mgongo, akila.

Miaka yote yeye ndiye aliyeita, na ng'ombe ndiye aliyekuja. Siku ile Dabasso alichukua fimbo yake akaenda mwenyewe, akipita katikati ya nyasi, akipumzika kila pumzi ilipokuwa fupi kama alivyoagizwa. Alipofika akaweka kiganja juu ya nundu ya Dimtu. Ngozi ikatetemeka, halafu ikatulia. Dimtu aligeuza pua akamnusa mkono, kisha akamnusa mdomoni kwa muda mrefu, pale palipokuwa na pengo.

Kisha akaendelea kula, hatua kwa hatua kuelekea mtoni, na mzee akamfuata nyuma.