Wageni wa Yustina

Kasiani na mkewe Veronika walitua Roma Alhamisi moja asubuhi, mwezi wa sita, wakiwa na mabegi mawili ya nguo na moja la korosho. Walikuwa wameitikia mwaliko wa binti yao wa kwanza, Yustina. Jumapili ile alikuwa aweke nadhiri za daima katika shirika lake la masista, baada ya miaka mingi ya utawa, minne ya mwisho hukohuko Italia. Kwao Rahaleo, Mtwara mjini, hapakuwa na nyumba ya Mkatoliki isiyojua habari hiyo. Wanawake wa jumuiya walikwisha kushona vitenge vya sare kwa ajili ya misa ya shukrani atakapokuja likizo, na kwaya ilikuwa inasubiri picha.

Kasiani alikuwa msimamizi wa wapakiaji bandarini. Msimu wa korosho, malori yakijazana hadi barabarani, yeye ndiye aliyeamua lipi liingie na lipi lisubiri, na madereva wa Masasi na Tunduru walimsikiliza bila kubisha. Veronika alifundisha darasa la pili. Akitoka darasani maneno yake yalikuwa machache, kana kwamba yote ameyamalizia kwa watoto.

Pale wageni wanapotokea uwanja wa ndege walisimama masista watatu wenye shela jeupe. Kasiani akawaendea akitabasamu. Alipofika karibu akaona kwamba hakuna aliyekuwa Yustina. Ndipo msichana mwenye sketi ya jinzi na blauzi ya njano, nywele kasuka mabutu, alipomshika mkono kwa nyuma.

"Shikamoo baba."

Kasiani alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Marahaba, Sista," akasema. Tangu nadhiri za kwanza hakuwahi tena kumwita binti yake kwa jina. "Shela liko wapi?"

"Joto, baba," Yustina akajibu, akalibeba begi la korosho.

Veronika alimkumbatia binti yake, akapitisha kiganja juu ya yale mabutu.

Walitegemea kufikia kwa masista. Yustina aliwapeleka kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya treni, akasema konventini kumejaa watu wa sherehe. Mwanamke wa mapokezi alimpa Kasiani kikadi chenye anwani, naye akakitia katika mfuko wa shati. Alitaka kulala. Yustina alisema watalala baadaye, mji ni mkubwa na siku ni chache. Alizungumza haraka, akacheka pasipo na kichekesho, akawatoa nje.

Basi wakaanza kutembea. Waliona uwanja mkubwa wa mawe uliobomoka upande mmoja, na watu wamepanga foleni juani kuingia ndani.

"Mbona hawaumalizii?" Kasiani aliuliza.

"Uko hivyo kwa karne nyingi, baba. Watu wanakuja kuutazama."

"Ulivyobomoka hivyo?"

"Ndiyo."

Kasiani alifikiri juu ya Mikindani. Kule nako yapo magofu, lakini hakuna aliyewahi kuyapangia foleni. Kwenye kona iliyofuata, bomba fupi la chuma lilikuwa likimwaga maji barabarani. Veronika akainama kutafuta pa kufungia. Alipapasa mbele, akapapasa nyuma.

"Halifungwi, mama."

"Limeharibika?"

"Hapana. Yanatiririka usiku na mchana. Ni ya kunywa."

Veronika alisimama akiyaangalia yale maji yanavyoingia mtaroni. Kwao maji yalitoka kwa zamu, na siku ya zamu hakuna aliyelala kabla ndoo ya mwisho haijajaa. Alikinga viganja, akanywa, akanawa uso, akakinga tena. Kasiani alilazimika kumwita mara mbili.

Kila kitu kiliwachanganya. Kasiani alimsalimia mzee mwenzake aliyekaa kwenye benchi, na yule mzee akausogeza mkoba wake upande wa pili. Magari yaliwasimamia wavuke hata pale ambapo hawakuwa wakivuka, ikawabidi wavuke kwa aibu tu. Saa ya Kasiani ilikuwa bado ya Mtwara, na kila alipoitazama ilimwambia jambo tofauti na jua.

Wakaingia kanisani, kanisa moja kati ya mengi, lenye dari iliyochorwa malaika mpaka mtu akahisi kizunguzungu. Veronika alipiga magoti, akasali. Alipogeuka alimwona Yustina mlangoni, mikono nyuma, amesimama kama mtu anayesubiri wenzake nje ya duka. Hakuwa amegusa maji ya baraka. Hakuwa amepiga goti.

Baada ya hapo Veronika hakuangalia tena majengo. Alimwangalia binti yake.

Walitembea hadi miguu ya Kasiani ikavimba ndani ya viatu vipya. Palikuwa na kiwanja kidogo mbele ya kanisa, na katikati yake tembo wa jiwe aliyebebeshwa mnara mgongoni. Walipofika hapo tena, Kasiani alisimama.

"Huyu tembo tumempita mara tatu," alisema. "Sista, tunakwenda wapi?"

Yustina alikaa kwenye ngazi za kanisa, akawaonyesha nao wakae. Alijifuta jasho kwa kiganja, akatazama chini.

"Jumapili sitaweka nadhiri," alisema.

Kasiani alidhani hakusikia vizuri. "Wameahirisha?"

"Wenzangu wataweka. Mimi nimetoka shirikani, baba."

"Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Kuna mwanaume?"

"Hakuna. Angekuwepo ingekuwa rahisi kuwaeleza."

"Sasa ni nini?"

"Sijui," Yustina alisema. "Kila mwaka nilijiambia, nikifika mwaka ujao nitaelewa. Nilisali na wenzangu, nikaimba nao, na ndani kimya. Nikamwambia Mama Mkuu. Akaniambia nisubiri hadi Pasaka. Nikasubiri, ikawa vilevile."

"Na sisi ukatuacha tupande ndege."

"Ningewaambia kwa simu msingekuja. Nilitaka niwaone. Tangu asubuhi natafuta mahali pa kusemea, kila nikifika naogopa, nawazungusha tena."

Kasiani alimgeukia mkewe. Veronika alikuwa ameushika mkono wa Yustina na kuupakata kama kifurushi, wala usoni mwake hakukuwa na mshangao wowote. Jambo hilo lilimchoma Kasiani kuliko maneno ya binti.

"Padre nitamwambia nini?" aliuliza. "Jumuiya nitawaambia nini?"

Akainuka, akaondoka.

"Baba Yustina," Veronika akamwita.

Bila kugeuka, Kasiani aliinua mkono juu, kama anavyowazuia madereva getini, akakata kona.

Alikusudia kwenda hatua chache tu, hasira ipoe, kisha arudi. Lakini Mtwara ukiifuata barabara ya bandarini utafika majini au getini, basi. Hapa kila uchochoro ulizaa mwingine. Alirudi alikotoka, akakuta duka la viatu ambalo hakuwa amelipita. Akajaribu upande wa pili, akatokea kwenye daraja. Simu yake ilikuwa na laini ya nyumbani, haikushika mtandao. Alimtafuta tembo. Mtu aliyewahi kuyapanga malori mia lisikwame hata moja alisimama katikati ya njia akasukumwa na watu kushoto na kulia, asijue ageukie wapi.

Akaona kanisa, akaingia. Hapo angalau angejua la kufanya. Alikaa benchi la nyuma, akataka kusali, yakamjia maneno ya binti yake: ndani kimya. Akasikiliza. Alichosikia ni funguo. Mzee mmoja mwenye koti alikuwa akizitikisa na kumwonyesha mlango. Kasiani alimwelewesha kwa ishara kwamba anasali. Yule mzee akaelewa, akaonyesha saa yake, akamtoa nje kwa upole na kufunga. Kasiani hakujua kwamba kanisa nalo hufungwa mchana. Alikaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza akaogopa, si kwa ajili ya Yustina, kwa ajili yake mwenyewe.

Hapo akapita sista. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye shela la kijivu, sura ya watu wa mashariki ya mbali, na mkononi mfuko wa vitunguu. Kasiani aliinuka na kumkimbilia.

"Sista," akasema, na neno hilo likaeleweka. Mengine aliyatafuta katika Kiingereza chake cha bandarini. "Binti yangu, sista. Amepotea."

Alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyepotea. Lakini sista alishtuka, akaweka vitunguu chini, akatoa simu. Aliuliza umri. Aliuliza mtoto amevaa nini. Kasiani alijibu: blauzi ya njano. Sista alikuwa ameanza kuwapigia polisi ndipo Kasiani alipofahamu kinachoendelea, akaizuia ile simu kwa viganja viwili, akajigonga kifuani. "Mimi. Mimi nimepotea." Akakumbuka kikadi, akakitoa mfukoni.

Yule sista alikisoma, akacheka hadi akafunika mdomo. Alipomwona Kasiani hacheki, akanyamaza. Hakumwelekeza njia. Alimshika ukingo wa mkono wa shati kama mtu anayemvusha kipofu, akapanda naye basi.

Ndani ya basi walikaa bega kwa bega, vitunguu katikati ya miguu. Kasiani alilitazama lile shela, jinsi lilivyobanwa vizuri kwenye paji la uso. Akauliza kwa Kiingereza, polepole:

"Wewe una furaha?"

Sista alimgeukia. Pengine aliikumbuka miaka yake ya utawa, ni nani ajuaye. Kisha akajibu kwa maelezo marefu, Kiingereza kidogo, Kiitaliano kingi, na labda lugha ya kwao nayo ikiingia. Kasiani alikamata neno moja tu, "mama". Aliona kwamba sista alianza akitabasamu, katikati akaangalia dirishani, mwishoni akatabasamu tena kwa namna nyingine. Kasiani akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuwa ameelewa.

Veronika na Yustina walikuwa mlangoni mwa nyumba ya wageni. Macho ya Yustina yalikuwa mekundu. Alizungumza na yule sista kwa Kiitaliano, na kabla ya kuondoka sista akamgusa shavu.

"Amekwambia nini?" Kasiani akauliza.

"Kasema nikuchunge. Wewe ni mzee na unatembea haraka."

Yustina aliingia ndani kuomba maji. Wakabaki wawili.

"Ulijua," Kasiani alimwambia mkewe.

"Nywele haziwi ndefu kwa siku moja, Baba Yustina. Pale uwanja wa ndege nilizishika. Nikasema, atasema mwenyewe." Akaongeza: "Haishi konventini. Anakaa kwa bibi mmoja wa hapa, anamtunza. Anataka kusomea uuguzi. Tumekutafuta hadi nikadhani nitarudi Mtwara mjane."

Kasiani akavua viatu. Simu ilikuwa imeshika mtandao wa nyumba ya wageni, ikaanza kulia. Alikuwa Frank, mdogo wake Yustina, akipiga kwa video kutoka Rahaleo. Nyuma yake jua lilikuwa linashuka.

"Shikamoo baba. Padre anaulizia picha za Sista."

Kasiani alitazama mlango ambao Yustina alikuwa anatokea na chupa ya maji. "Mwambie Padre nitampigia mwenyewe," alisema. "Picha asisubiri."

"Kuna nini, baba?"

"Dada yako yuko hapa, mzima. Mengine nitakueleza. Na mimi sijaelewa bado."

Jioni Yustina aliwapeleka anakoishi, ghorofa ya nne. Saa za kwao zilisema saa tatu usiku na jua lilikuwa bado ukutani. Bibi mwenyewe, mfupi, mwenye fimbo, aliwabusu wote wawili mashavuni kabla hawajamsalimia, na Kasiani akabaki ameduwaa katikati ya chumba. Alikalishwa kwenye kiti kilichoonekana kuwa cha mtu mwingine. Bibi akamtazama yeye, akamtazama Veronika, akamwuliza Yustina jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" Kasiani akauliza.

"Anauliza kama mmekuja kunichukua."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia nawauliza."

Kasiani alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka pia kusema kwamba Yustina si begi. Binti yake alikuwa amesimama mbele yake na blauzi ya njano, akisubiri, na yeye hakujua hata amwite nani.

"Mwanangu," alisema, akaishia hapo.

Veronika alivuta kiti, akakaa mezani.

"Mwambie tumekuja kula," alisema.

Yustina akatafsiri. Bibi akaweka fimbo pembeni, akaenda kutafuta sahani.