Bukari Mgongoni

Mjukuu wangu Mignonne alinyoosha simu juu ya bukari, ugali wetu wa mahindi, uliokuwa bado unatoa mvuke.

"Kambo," akaniita kama waitavyo wajukuu wetu, "ngoja nipige foto kwanza."

"Weka ile telefone chini! Hapa kwangu bukari inashikwa kwanza, mikono yote miwili, mupaka usikie moto yake."

Alinuna, lakini akaishika sahani ya bati. Nikamweleza.

Miaka ya tisini, Wakatanga walipotufukuza Kolwezi sisi watu wa Kasai, tulilala kituoni tukingoja treni. Vijana walisimama njiani, hawataki mtu atuletee chakula. Jirani yetu Mama Henriette, Mkatanga wa kwao kabisa, akaifunga bukari ndani ya kitenge, akaibeba mgongoni kama mtoto mchanga, akapita katikati yao akiibembeleza kwa wimbo. Watoto wangu wakala. Tulirudi baadaye, na mpaka leo siisongi bukari bila kumshukuru.

Mignonne alikuwa ameisahau simu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Kambo, ilikuwa moto hivi?"

"Ilikuwa imetoka tu jikoni."

"Na mugongo yake?"

"Uliungua, mama. Na wimbo hakuukata."