Moshi wa Miti Yetu

Ukungu ulikuwa umelala bondeni asubuhi ile, na moshi wa kiwanda cha chai ukashindwa kupanda. Ulitambaa juu ya chai, ukapita ua, ukaingia kwetu bila hodi. Janeffer, mke wangu, alisimama mlangoni pa jikoni ameziba pua kwa leso. Nyuma yake gesi ilikuwa inawaka vizuri, bila moshi hata kidogo.

"Baba Chelimo," akaniambia, "hizo ni miti zetu zinaungua."

Alisema akitabasamu, maana Janeffer hata kifua kikimbana lazima akuchokoze. Nikamjibu kwamba bonde zima limeuza miti, nani atajua moshi wa nani ni upi. Ndipo akaanza kukohoa, akashika mwimo wa mlango.

Gesi ile niliinunua mimi. Daktari alitwambia wazi kwamba mama huyu akiendelea kupuliza kuni, mapafu yake hayatamfikisha mbali. Bonasi ya chai ilipoingia nikaenda Sotik, nikarudi kwetu Boito na mtungi na meko yake. Kiptanui, jirani yangu, alinicheka kwamba nimeoa upya. Mwanzoni Janeffer aliketi mbele ya moto ule kwenye kigoda chake cha zamani, akingoja kuupuliza, na moto haukutaka kupulizwa. Baadaye akazoea. Akaanza tena kuimba nyimbo za kanisa akipika, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba ninakikosa. Nilikuwa nakaa nje nikijifanya nanoa panga ili nimsikie. Panga langu halijawahi kuwa na makali kama miezi ile.

Halafu serikali ikarudisha kodi kwenye gesi. Redioni walieleza kwa maneno marefu. Dukani walieleza kwa neno moja, bei. Mwaka huohuo bonasi nayo ikapungua. Gesi ikaisha, mtungi ukasukumwa pembeni, Janeffer akauvalisha kitambaa cha kufuma na kuufanya meza ya redio. Mawe matatu yakarudi kazini, na nyimbo zikakoma.

Nilikuwa na miti ya blugamu, niliyoipanda ukingoni mwa shamba mwaka alipozaliwa binti yetu, Chelimo. Kiwanda nacho, mafuta ya boila yalipopanda bei, kilikuwa kimerudia kuni, na mawakala walipita nyumba hadi nyumba wakitafuta miti. Niliuza yote. Tukajaza gesi, ikaisha, tukajaza tena. Nilijiona mjanja, kwamba serikali imenifungia mlango nami nimepitia dirishani. Kiptanui akauza yake, na wengine wote wakafuata, mpaka ukingo ukabaki visiki vitupu. Kumbe ile miti ndiyo iliyokuwa ikituzuilia moshi wa kiwanda. Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee hawakukosea, ila hawakusema ufanye nini kama huna nguo nyingine.

Jioni ya siku ile ya ukungu Chelimo, ambaye ana duka la nguo Sotik, alikuja kumchukua mama yake. Janeffer alikataa kwanza. Aliuliza nani atanitengenezea mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, na mimi maziwa mengine siyajui. Nikamwambia nitatengeneza mwenyewe. Alicheka, kwa sababu mwanamume wa Kipsigis kusugua kibuyu kwa kijinga cha moto ni habari ya kupelekwa sokoni. Lakini aliniachia kibuyu, akaondoka.

Maziwa yangu ya kwanza hata ng'ombe mwenyewe angeyakana. Kiptanui aliyaonja kwa heshima, akakumbuka ana mgeni nyumbani. Sasa nimejua, na kila Jumapili baada ya kanisa ninampelekea Janeffer. Anaonja, ananiambia majivu ni mingi, halafu anakunywa yote. Nimemwona akipanda ngazi za kwa Chelimo na mzigo mkononi, akiongea njia nzima, bila kusimama. Ninafurahi, na palepale ninaumia. Nimemkosa mke wangu, sioni haya kusema. Nikiamka asubuhi ninamsogezea blanketi kabla sijakumbuka kwamba hayupo.

Kodi ya gesi ilikuja kuondolewa. Mtungi wangu umejaa, na ninachopika ni chai ya mtu mmoja. Kiwanda bado kinachoma kuni, kwa sababu mafuta bado ni ghali, na miti sasa inatoka mbali kwa malori.

Juzi boila ilizimwa itengenezwe. Hewa ilikuwa safi mpaka nikaona mabati ya nyumba za ng'ambo yaking'aa. Nilikuwa uani simu ilipolia.

"Baba Chelimo, moshi imeisha?"

Nilitazama juu. Hapakuwa na kitu, ni anga tu. Nilijua nikisema ndiyo atafunga nguo zake leo hii, na kesho jioni nitamsikia jikoni. Nilijua pia kwamba mafundi walikuwa wamesema boila itawashwa keshokutwa.

"Bado, mama," nikamwambia. "Bado iko."

Nilimsikia akivuta pumzi, nikabana simu sikioni ili isinipite. Iliingia, ikatoka, bila kukwama popote.

"Haya," akasema. "Ikiisha utaniambia."